Kiitaliano cha Watamu na mtihani wa AP: je, mwanangu anahitaji tuisheni?

SWALI

"Mwalimu, salaam. Tunaishi New Jersey, huu ni mwaka wa tatu. Kabla ya hapo tulikuwa Watamu, pwani ya Kenya, ambako nilifanya kazi jikoni kwenye hoteli ya Waitaliano kwa miaka tisa, na binti yangu amekulia pale pale. Kiitaliano alikiokota kwa watalii na kwa watoto wa Waitaliano wenye majumba, sasa anakiongea kama maji. Yuko darasa la 11, ana miaka 16, na anataka kufanya mtihani wa AP wa Kiitaliano, ule wa ngazi ya juu wa sekondari za Marekani, mwezi Mei. Shuleni kwake somo hilo la AP halipo. Nimepata mwalimu wa tuisheni, Mwitaliano wa kuzaliwa, anataka dola 70 kwa saa, mara mbili kwa wiki, tuanze sasa Septemba. Mume wangu anasema ni kutupa pesa, mtoto lugha anayo tayari. Binti mwenyewe anasema hahitaji mtu. Mimi roho haijatulia, maana sijawahi kumwona akikiandika. Nilimwomba aandike mistari michache nikutumie: 'Quando ero picola abitavo a Watamu e mia mama lavorava in un hotel. Ho andato alla spiagia tuti i giorni. I turisti mi parlavano e io ho imparato.' Je, yuko tayari? Na huyo mwalimu tumchukue?"

JIBU

Dada yangu, umefanya jambo ambalo wazazi wengi hawalifanyi: umemwomba mtoto aandike kabla ya kutoa pesa. Hiyo mistari mitatu imeniambia mengi kuliko ambavyo ningejua kwa kuongea naye saa nzima kwenye simu. Jibu fupi ni kwamba hayuko tayari, lakini hayuko mbali. Mumeo amepata nusu, nawe umepata nusu. Tuisheni anaihitaji, ila mara mbili kwa wiki ni nyingi mno, na kuzaliwa Italia si sifa ya kutosha ya kumchukua mwalimu.

Tuanze na hiyo aya yake. Maana ya sentensi zote inaeleweka. "Abitavo", "lavorava", "parlavano" zote ni sahihi, na si sahihi kwa bahati. Huo ni wakati uliopita wa mambo ya mazoea, ule ambao wanafunzi wa darasani humeza vidonge vya kichwa wakijaribu kuutofautisha na wakati uliopita wa tukio moja. Binti yako anao kwa sababu ameusikia, na kwa sababu Kiswahili chake kinamsaidia: "nilikuwa nikikaa Watamu" si "nilikaa Watamu". Aliteleza mara moja tu, kwenye "ho andato". Alichotaka kusema ni "nilikuwa nikienda ufukweni kila siku", kwa hiyo ilitakiwa "andavo". Na hata kama angekuwa anasimulia siku moja tu, kitenzi hicho hakichukui "ho", kinachukua "sono": "sono andata", na ile "a" ya mwisho ni kwa sababu yeye ni msichana. Mtoto anayejua kusema "vitabu vipya" na "nyumba mpya" bila kufikiri hashindwi na kanuni hiyo. Upatanisho anao tangu utotoni, hajaambiwa tu kwamba Kiitaliano nacho kina ngeli zake, mbili.

Sasa tazama makosa mengine manne. Picola badala ya piccola. Mama badala ya mamma. Spiagia badala ya spiaggia. Tuti badala ya tutti. Yote ni kosa moja limevaa nguo nne: herufi pacha. Hapo ndipo Kiswahili kinapomwangusha. Sisi tumezoea urefu ubadilishe maana kwenye irabu. "Kufa" na "kufaa" hakuna anayezichanganya. Konsonanti haturefushi namna hiyo, kwa hiyo sikio letu halina mahali pa kuuweka urefu wake. Mwitaliano anaposema "palla", mpira, na "pala", koleo, sikio la Mswahili husikia neno lile lile mara mbili. Mdomo wa binti yako huenda unaitamka tofauti hiyo vizuri kwa kuigiza, lakini mkono hauijui, na mtihani unasoma mkono.

Nalisema hili kwa uchungu wangu. Nilipofika Perugia kusoma, nikiwa na Kiitaliano nilichojivunia sana, mama mwenye nyumba aliniuliza umri wangu. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba nina "ventitré ani". Alicheka mpaka akavuta kiti akaketi. "Anno" yenye n mbili ni mwaka. "Ano" yenye n moja ni sehemu ya mwili isiyotajwa mezani. Nilikuwa nimemwambia ninazo 23.

Ujanja ni kuacha kusikiliza konsonanti na kuanza kusikiliza irabu inayoitangulia. Kwenye "pala" ile "a" ya kwanza inavutwa. Kwenye "palla" inakatwa ghafla, kama mtu aliyegonga mlango. Irabu ndicho kitu ambacho sikio letu linakijua. Wanafunzi wangu wanaozungumza Kiswahili nawapa imla ya dakika kumi kila kipindi, maneno mawili mawili: pena na penna, nono na nonno, casa na cassa, sete na sette. Nimeona ikichukua wiki sita hadi nane mtu aanze kuandika sawa bila kubahatisha. Nalieleza kwa urefu kwa sababu hili peke yake, likirekebishwa, litaondoa sehemu kubwa ya wino mwekundu kwenye kazi ya mtoto wako, na mwalimu asiyejua Kiswahili anaweza kukaa mwaka mzima akisahihisha neno moja moja bila kugundua kwamba ugonjwa ni mmoja.

Sasa mtihani wenyewe, maana hapo ndipo mumeo anapokosea. AP ni mitihani ya ngazi ya juu ya sekondari inayotungwa na College Board, taasisi ya mitihani ya Marekani, na alama zake ni 1 hadi 5. Nakueleza muundo ambao umetumika kwa miaka mingi. Muundo huo hufanyiwa mabadiliko, kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu yeyote fungueni tovuti ya College Board msome maelezo ya mwaka atakaofanya binti. Nusu ya alama ni maswali ya kuchagua jibu, 65, kwa muda wa dakika 95 hivi: kusoma na kusikiliza. Nusu nyingine ni kazi nne zenye uzito sawa, asilimia 12.5 kila moja: kujibu barua pepe, kuandika insha ya hoja, kuzungumza kwenye maongezi yaliyorekodiwa, na kutoa maelezo ya dakika mbili ya kulinganisha tamaduni.

Hesabu mwenyewe. Kuongea, kule ambako binti yako ni simba, ni robo ya mtihani. Kuandika ni robo. Kusoma na kusikiliza ni nusu, na makala ya gazeti la Italia hayaandikwi kwa lugha ya kuuliza "vuoi cocco fresco?" chini ya mwavuli. Kipande cha hadithi kikitokea, atakutana na "nacque", "venne", "disse", wakati uliopita wa vitabuni ambao sidhani kama kuna mtalii aliyewahi kumtamkia. Kwenye maswali ya kuchagua, jibu la makosa halipunguzi alama, kwa hiyo asiache hata swali moja wazi. Kusikiliza sina wasiwasi nako sana. Kusoma ataendelea mwenyewe, bila kulipa, nami nitasema jinsi baadaye kidogo.

Barua pepe ndiyo itakayomwumbua. Anapewa dakika 15 kusoma ujumbe na kuujibu, na ujumbe hutoka kwa mtu wa heshima: mkurugenzi wa shirika, mkuu wa kozi, mwenye programu ya majira ya joto. Ufukweni kila mtu ni "tu" na kila salamu ni "ciao". Mtoto akiandika "Ciao, grazie per la tua mail, io voglio venire", kila neno hapo lipo kwenye kamusi, lakini ni sawa na kijana kumwandikia kadhi "Mambo vipi, nimepata meseji yako". Anatakiwa aandike "Gentile Direttrice, La ringrazio del Suo messaggio", na aendelee hivyo hivyo hadi mwisho, "Le porgo cordiali saluti", bila kuteleza kurudi kwenye "tu" katikati. Ajibu maswali yote aliyoulizwa, na aombe ufafanuzi wa jambo fulani lililotajwa kwenye ujumbe. Hilo la kuomba ufafanuzi wengi hulisahau, na limo kwenye maagizo.

Hiyo "Lei" ya heshima huwatesa Wamarekani kwa sababu unamsemesha mtu aliye mbele yako kwa kitenzi cha nafsi ya tatu. Mpwani haimpi shida hata kidogo, ukimwonyesha njia. Mwulize binti yako: ukimkaribisha babu unasemaje? "Mzee atakunywa chai?" Uko naye uso kwa uso, na umesema "atakunywa". Ni kile kile: "Lei beve un tè?" Na kuna mengine kama hayo. "Mi piace il mare" haimaanishi "mimi napenda bahari" kwa mpangilio wake, inamaanisha "bahari yanipendeza". Ule mwisho wa -e kwenye "nataka aende" ndio hali inayoitwa congiuntivo, "voglio che vada". Hapo tu aelewe kwamba Waitaliano wanaitumia mpaka kwenye kudhani: sisi husema "nadhani ni kweli", wao husema "penso che sia vero". Mwalimu anayeweza kumfundisha kwa kupitia lugha yake ya kwanza atamwokolea miezi.

Insha ni dakika 55 hivi kwa jumla. Anapewa makala, jedwali au mchoro, na sauti inayochezwa mara mbili, kisha dakika 40 za kuandika hoja akitumia vyanzo vyote vitatu. Mahali watoto wa lugha ya kuokota wanapoangukia hapa ni kwamba wanaandika maoni yao tu, kwa ufasaha, bila kugusa vyanzo, au wanavisimulia kimoja baada ya kingine bila kuchukua msimamo. Anahitaji viungo vya sentensi ambavyo maongezi hayavitumii sana: tuttavia, inoltre, d'altra parte, benché. Na anahitaji kuandika insha nzima nzima, na mtu azisome. Hakuna njia ya mkato hapo, na hii ndiyo sababu kubwa ya kumlipa mwalimu.

Kuongea nako kusidharauliwe kabisa. Maongezi ya mtihani ni na mashine: anasikia sauti, kinalia kidude, ana sekunde 20 za kujibu, mara tano. Watoto waliojifunzia mtaani huegemea uso wa mwenzao. Wakikwama wanaonyesha kwa mkono, wanacheka, mwenzao anawamalizia sentensi. Kwenye mtihani hakuna uso. Nimeona mwanafunzi mwenye Kiitaliano kizuri kuliko cha binti yako akijibu "sì, certo" kisha akanyamaza sekunde 17. Dawa ni simu na saa: ajirekodi, ajisikilize, arudie, mpaka sekunde 20 zimzoee. Lafudhi ya pwani haina neno. Haikati alama mradi anaeleweka.

Kulinganisha tamaduni ndiko kunakonipa raha. Ana dakika nne za kujiandaa na mbili za kueleza namna jambo fulani lilivyo katika jamii ya Waitaliano na lilivyo katika jamii yake. Watahiniwa wengi hutoa yale yale, pizza kwa hamburger. Binti yako ana Pwani nzima mfukoni. Akiulizwa habari ya chakula, asikimbilie pizza. Kaskazini mwa Italia, Veneto na Lombardia, kuna polenta: unga wa mahindi, maji na chumvi, unasongwa kwa mwiko kwenye sufuria mpaka ushikane. Ukiweka mezani hakuna Mswahili atakayeuliza ni nini. Mahindi ya polenta na ya ugali yote yametoka Amerika. Polenta ilikuwa chakula cha maskini kiasi kwamba wakulima waliokula hiyo tupu, bila kitoweo, waliugua pellagra, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini. Leo inauzwa mikahawani kama fahari ya nyumbani. Je, ugali nao umepita njia hiyo? Huo ndio ulinganishi: si "wao wanakula hiki, sisi tunakula kile", bali kwa nini vinafanana na vimeachana wapi. Atayarishe mifano kama hiyo kwenye mada sita za kozi, yaani familia, utambulisho, uzuri na sanaa, sayansi na teknolojia, ubora wa maisha, na changamoto za dunia. Mifano miwili kwa kila mada inatosha. Asiikariri kama shairi, kwa sababu swali halitakuja kama alivyolipanga.

Sasa tuje kwa mwalimu. Kutoka katikati ya Septemba hadi mwanzo wa Mei ni wiki 33 hivi. Mara mbili kwa wiki kwa dola 70 ni dola 4,620. Kwa mtoto anayeanza kutoka sifuri ningesema labda. Kwa huyu wako, saa nyingi kati ya hizo zitakwisha kwa maongezi matamu kuhusu Watamu, naye hahitaji kulipia maongezi. Mimi ningepanga vipindi 16: kimoja kila wiki mbili hadi mwisho wa Aprili. Hiyo ni dola 1,120. Kati ya kipindi na kipindi aandike. Barua pepe moja, au insha moja, aitume siku mbili kabla, mwalimu aje amekwisha kuisoma, saa nzima itumike kwenye makosa yake, na kazi ile ile iandikwe upya. Kuandika upya ndiko kunakofundisha. Kazi iliyosahihishwa kisha ikafungiwa droo haina faida.

Usimuulize mwalimu amezaliwa wapi. Mpe hiyo aya ya binti yako bila kuongeza neno, umwombe akuonyeshe jinsi angeisahihisha. Akiijaza wino na kukurudishia ikiwa safi, anajua Kiitaliano. Akikwambia, "Makosa manne hapa ni kitu kimoja, na hili la tano ni kitu kingine, tuanze na lile la manne," huyo anajua kufundisha. Kisha muulize barua pepe ya mtihani hupimwa kwa vigezo gani. College Board huweka wazi maswali ya kuandika na kuongea ya miaka iliyopita, pamoja na majibu halisi ya watahiniwa na maelezo ya kwa nini yalipewa alama hizo. Ni bure. Mwalimu wa AP ambaye hajawahi kuyafungua asikutoze bei ya mtaalamu wa AP, hata kama ni jirani wa Dante, yule mshairi mkuu wa Waitaliano. Huyo uliyempata huenda akapita kwenye mtihani huu mdogo vizuri kabisa, na ikiwa hivyo mchukue, kwa ratiba yako wewe.

Tahadhari moja ya vitabu. Mtihani huu wa Kiitaliano ulianza mwaka 2006, ukasitishwa baada ya ule wa 2009 kwa uchache wa watahiniwa na ukosefu wa fedha, ukafanywa tena kuanzia 2012 ukiwa na sura nyingine. Vitabu vya mitumba vya kipindi cha kwanza bado vinauzwa kwa bei ya kuvutia, navyo vina mazoezi ya kujaza nafasi za sarufi ambayo mtihani wa sasa hauna. Ukikiona, kiache.

Kusoma nilisema atajisomea. Aingie Vatican News, ambayo ina ukurasa wa Kiitaliano na wa Kiswahili. Dini yenu iwe yoyote, habari zake ni za dunia nzima: vita, wahamiaji, ukame. Achague habari iliyopo pande zote mbili, aisome kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiitaliano bila kamusi. Dakika 20 kwa siku. Kwa kusikiliza, redio za Rai, shirika la utangazaji la taifa la Italia, zina vipindi vya mazungumzo vingi mtandaoni, asikilize hata akiwa anakunja nguo.

Jambo la haraka zaidi si mwalimu, ni usajili. Si lazima mtoto awe amesoma kozi ndiyo afanye mtihani, lakini lazima shule fulani imwagizie karatasi. Kila shule inayotoa AP ina mratibu wake, na maagizo kwa kawaida hufungwa katikati ya Novemba, baada ya hapo kuna faini. Wiki hii hii nenda ana kwa ana shuleni kwake, umwulize mratibu: mtaweza kumsajili kwa mtihani peke yake, ingawa somo halipo? Wakikataa, atafute shule jirani inayofundisha Kiitaliano, na New Jersey zipo. Ada ni takriban dola 100, familia yenye kipato kidogo hupunguziwa, na usione haya kuuliza.

Ukiwa hapo kwa mshauri wa wanafunzi, uliza mawili zaidi. La kwanza, vyuo anavyovifikiria vinatoa nini kwa alama ya AP. Vingine huhesabu 3, vingine hutaka 4 au 5, vingine huiangalia tu kisha vikaendelea na safari. Kama chuo anachokitaka hakitoi chochote na mwaka huu ana masomo mengine mazito, si dhambi kuacha, au kusubiri hadi darasa la 12. La pili, jimbo la New Jersey hutoa muhuri wa umahiri wa lugha mbili kwenye cheti cha kumaliza sekondari. Uliza Kiitaliano kitahesabiwaje, na hapo hapo uliza Kiswahili. Wazazi wetu hulisahau hilo la pili, utadhani lugha ya nyumbani si lugha.

Kuna hali moja ambayo ningekusihi usiishie kwa mwalimu wa tuisheni. Mtoto akiwa anaruka herufi namna hii hata kwenye Kiingereza na Kiswahili, akiwa anachoka mno kusoma ukurasa mmoja, au anaomba kurudiwa maneno kila mara, zungumza na shule apimwe kusoma na kusikia. Sioni dalili hiyo kwenye mistari yake, makosa yake yana sababu ya lugha, lakini wewe ndiye unayemwona mezani. Ikithibitika, College Board huruhusu muda wa ziada na misaada mingine, ila maombi hupitia shuleni na huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo yasingoje Machi.

Na kwa kuwa umekaa miaka tisa kwenye jikoni ya Waitaliano, kazi ya kwanza nakupa wewe, bila dola hata moja. Jumamosi hii mkalishe na karatasi, umsomee maneno ya jikoni uliyoyasikia yakipigiwa kelele kila siku: burro, cipolla, pepe, farro, sale, pollo, riso, latte. Matano yana pacha, matatu hayana. Asipoyapata yote mara ya kwanza, usimwambie ni yapi. Msomee tena, ukate irabu fupi pale inapokatwa, mpaka ayaone mwenyewe.